Mkwaruzo Wenye Adabu: Kuihukumu Sauti Itokayo Mezani kwa Fundi

Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo twaifundisha shuleni kwa maana moja tu, kwamba mtu asiye na kitu kichwani ndiye mwenye makelele mengi. Maana hiyo ni sahihi, wala sina nia ya kuipinga. Lakini yeyote aliyekulia vijijini atalikumbuka debe jingine, lile ambalo watoto walilikata, wakalitia shingo ya mti, wakalifunga nyuzi zilizochambuliwa kutoka katika waya wa breki ya baiskeli, wakaliita gitaa. Debe hilo nalo lilikuwa tupu, na utupu wake ndio uliolipa sauti. Lilivuma, na katika kuvuma kwake lilikwaruza, kwa sababu bati lilikuwa limelegea na nyuzi zilikuwa na kutu. Mtoto aliyelipiga hakuuonea haya mkwaruzo ule. Aliuhesabu kuwa ndiyo sauti ya gitaa lake.

Makala haya yahusu mkwaruzo huo. Nataka kuuliza swali ambalo sisi tunaohakiki sanaa tumezoea kulipita: je, sauti inayokwaruza ni lazima iwe sauti iliyoharibika, au yaweza kuwa sauti iliyochaguliwa? Na kama yaweza kuchaguliwa, ni nani anayeichagua, na tumhukumu kwa kipimo gani? Jibu langu sikulipata katika ukumbi wa muziki. Nililipata kando ya barabara kuu, mezani kwa fundi wa redio katika mji mdogo wa Ruaha Mbuyuni.

Meza na sikio

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya, akishaipita Mikumi, huingia katika bonde la joto lenye mibuyu mingi. Mwisho wa bonde hilo, kabla gari halijaanza kuupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa, ndipo ilipo Ruaha Mbuyuni, katika wilaya ya Kilolo. Wengi wetu twaijua kwa vitunguu vinavyopangwa kando ya barabara. Wachache hukumbuka kwamba Mto Ruaha Mkuu unaopita huko hubeba maji yanayozalisha umeme mara mbili, kwanza Mtera, upande wa juu, kisha Kidatu, upande wa chini. Na bado mafundi wengi wa vijijini, katika bonde hilo na kwingineko nchini, walijifunza kazi yao kwa nguvu ya betri kavu, na chuma cha kulehemia walikipasha moto juu ya jiko la mkaa.

Fundi ninayemzungumzia alijifunza hivyo hivyo. Jina lake silitaji kwa sababu yeye mwenyewe hapendi kuandikwa. Juu ya meza yake kuna redio ya mbao isiyo na mgongo, redio kaseti mbili, spika zenye koni zilizochanika, na kopo la maziwa lililojaa transista, rezista na kondensa zilizobanduliwa kutoka katika redio zilizokufa. Hapo huletwa amplifaya za kwaya na vipaza sauti vya msikiti, na vyote hupewa heshima moja.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mtu huyu huanza kazi kwa kusikiliza. Huchukua betri moja ya volti 1.5 na kuzigusisha nyaya zake na spika. Spika iliyo hai hujibu kwa mgonyo mdogo, na iliyokufa hunyamaza. Huisukuma koni taratibu kwa vidole, na ikikwaruza hujua kwamba koili imepinda na inagusa sumaku. Amplifaya ikinguruma hata pale ambapo hakuna anayepiga wala kuimba, husikiliza unene wa ngurumo ile. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Baada ya kugeuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja, mabaki yake mara nyingi hutetemeka mara 100. Mngurumo mzito wa namna hiyo humwambia kwamba kondensa kubwa zilizopaswa kuutuliza umeme huo zimechoka. Yote hayo huyafanya kabla ya kushika chuma cha moto. Sisi tulioitwa wahakiki twadai kuwa na sikio. Huyu analo, na huishi kwa hilo.

Kisa cha koni iliyochanika

Siku moja mpiga gitaa kijana, ambaye Jumapili hupigia kwaya na Jumamosi hupiga katika harusi, alimletea amplifaya yenye koni iliyochanika. Fundi aliiziba kwa karatasi nyepesi na gundi, akaiacha ikauke, akaijaribu, ikatoa sauti safi. Kijana akalipa akaondoka. Baada ya siku mbili alirudi na uso wa huzuni, akasema, "Fundi, umelitengeneza, lakini umelinyamazisha."

Maneno hayo yafaa kutafakariwa na kila mwalimu wa sanaa. Kijana alikuwa ameizoea sauti ya koni iliyochanika, naye alikuwa ameitungia mapigo yake. Kwake ile haikuwa kasoro. Ilikuwa rangi ya gitaa lake, kama vile ukwaju wa sauti ulivyo rangi ya mwimbaji fulani. Fundi angeweza kumcheka, au kuichana koni upya kwa wembe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliamua kuurudisha mkwaruzo bila kuirudisha kasoro.

Alitafuta katika kopo lake transista mbili zenye alama AC128. Hizo ni za madini ya gerimani, na zilitumika sana katika redio za miaka ya 1960 na 1970 kwa kazi ya kuisukuma spika. Akaziunganisha na rezista na kondensa chache, akazitia ndani ya kopo la bati pamoja na betri ya volti 9 na swichi ya kukanyaga kwa mguu. Waya wa gitaa huingia upande mmoja, na waya wa kwenda kwenye amplifaya hutoka upande wa pili. Kisanduku cha namna hiyo wapiga magitaa hukiita pedali. Mguu ukikanyaga, gitaa hukwaruza; ukikanyaga tena, sauti husafika. Kwa njia hiyo kijana alipata kitu ambacho koni iliyochanika haikuwa nacho, nacho ni hiari.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kulielewa jambo hili bila taabu. Tuseme uzi wa gitaa unatetemeka mara 440 kwa sekunde. Mtetemo huo hugeuzwa kuwa wimbi la umeme lenye vilele vya mviringo. Transista hulikuza wimbi hilo, lakini haiwezi kulikuza kupita uwezo wa betri. Likikuzwa mno, vilele vyake hugonga dari na kukatwa, vikawa bapa. Ndani ya wimbi lililokatwa vilele huongezeka mitetemo ya 880, ya 1,320, ya 1,760 na kuendelea juu, yaani mafungu ya ile 440. Sikio husikia noti ile ile, lakini sasa imejaa na ina chembechembe, kama sauti ya mtu aliyeimba usiku kucha. Kwa hiyo mkwaruzo wa noti moja una hesabu ndani yake, nao ni mtoto halali wa sauti mama.

Makosa yaliyopata heshima

Huenda mwalimu fulani akasema kwamba haya ni mambo ya kigeni, yaliyoletwa na makelele ya vijana wa Ulaya na Marekani. Na tuanze huko, ili hoja hiyo tuitazame usoni.

Mwaka 1961 ulitoka wimbo wa mwimbaji wa Marekani aitwaye Marty Robbins, uliorekodiwa Nashville. Wakati wa kuurekodi, sehemu moja ya mitambo ya studio iliharibika, na gitaa la besi likatoa sauti ya kukwaruza. Wahusika waliiacha sauti hiyo ndani ya wimbo. Fundi mitambo wa studio, Glenn Snoddy, aliichunguza kasoro ile, akabuni namna ya kuizalisha kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuuza pedali iliyotokana na ubunifu huo, iitwayo Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1964 kijana wa Uingereza, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, aliichana kwa wembe koni ya spika yake ili apate sauti aliyoitaka. Mwaka 1965 bendi ya Rolling Stones iliitumia pedali ya Gibson katika wimbo uliosikika dunia nzima. Mwaka 1966 zikaanza kuuzwa Uingereza pedali za Fuzz Face, zile alizozipenda Jimi Hendrix, na baadhi ya zile za mwanzo zilitumia transista za AC128, aina ile ile iliyolala katika kopo la maziwa la Ruaha Mbuyuni.

Twaona, basi, kwamba huko nako mambo yalianza kwa chombo kilichoharibika na sikio lililokataa kukidharau. Kijana wetu wa harusi hakuwa amemsikia Snoddy wala Davies. Alifika walikofika kwa njia yake mwenyewe.

Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka Nashville. Yatosha kuufuata Ruaha Mkuu kwenda juu mpaka Mtera, kisha kuvuka ng'ambo na kuingia Ugogo. Wagogo wana ala iitwayo ilimba, sanduku la mbao lenye vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Katika ubao wake hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Chuma kinapotetemeka, utando nao hutetemeka na kuongeza mvumo wa kukwaruza juu ya sauti. Mtengenezaji wa ilimba akiuona utando umepasuka, hautupi ubao. Hutafuta utando mwingine. Kwake ilimba isiyokwaruza ndiyo ilimba iliyoharibika. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kufundisha miaka mingi Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliipeleka sauti hiyo katika majukwaa ya mabara mengi, na mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na mpiga gitaa la umeme Michael Brook.

Mifano ni mingi. Mchezaji ngoma hujifunga njuga miguuni ili kila hatua yake iwe na mchakacho. Kayamba lote ni mchakacho tangu mwanzo hadi mwisho. Likembe za Kongo huvishwa vipete vya chuma ili noti isitoke uchi. Katika mila nyingi za kwetu sauti iliyo safi kabisa huhesabiwa kuwa haijavikwa nguo. Ni shule ya kikoloni, pamoja na kinanda chake cha kanisani, iliyotufundisha kuuona mkwaruzo kuwa uchafu.

Majirani zetu walilitambua hili mapema. Huko Kinshasa Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono No. 1, alitaka likembe yake isikike katika kelele za mji. Alitengeneza vinasa sauti kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari makuukuu. Vinasa hivyo vilikwaruza, naye akaujenga muziki wake juu ya mkwaruzo huo. Albamu ya Congotronics ya mwaka 2004 iliufikisha kwa wasikilizaji wa dunia nzima. Na barabara ile ile inayopita Ruaha Mbuyuni, ukiifuata mpaka Tunduma na kuvuka mpaka, itakufikisha Zambia, ambako katika miaka ya 1970 bendi kama WITCH na Amanaz zilipiga magitaa yenye mkwaruzo mzito. Albamu ya Amanaz iitwayo Africa ilitoka mwaka 1975.

Kipimo cha hukumu

Nimeutetea mkwaruzo, sasa yanipasa kuuhukumu, kwa maana mhakiki anayesifu kila kitu hana kazi. Nilimsikiliza kijana yule katika harusi moja, pedali ikiwa miguuni pake. Alifanya jambo moja jema na makosa mawili.

Jema lake lilikuwa katika chemko. Wapenzi wa muziki wa dansi wajua kwamba nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili. Kwanza huja sehemu ya taratibu, ambamo mwimbaji husimulia kisa chake. Kisha mwendo hubadilika, maneno hupungua, na magitaa huchukua nafasi ya mbele. Hiyo ndiyo chemko. Ilipofika chemko kijana alikanyaga pedali na kupiga noti moja moja juu ya mapigo ya ngoma, na gitaa lake likawa kama mtu wa pili anayeitikia. Wazee waliokuwa wameketi wakainuka. Nilimkumbuka Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki Januari 1979. Yeye alipiga kwa sauti safi zaidi, lakini alijua siri hiyo hiyo, kwamba solo ni msemaji, na msemaji hana budi kungoja zamu yake.

Kosa la kwanza lilikuwa kuikanyaga pedali wakati mwimbaji akisimulia. Wimbo wa Kiswahili hubebwa na maneno. Msikilizaji wetu hutaka kujua nani alimwacha nani, mashemeji walisema nini, na funzo ni lipi. Mkwaruzo hujaza ile mitetemo ya juu ambayo sikio huitegemea kuzitambua konsonanti, kwa hiyo gitaa likikwaruza pale mwimbaji anaposema "sikutaki", wa nyuma husikia "nakutaka". Mimi ni mtunzi wa mashairi na huenda nina upendeleo. Hata hivyo nasema kwamba sauti yoyote inayomeza maneno ya wimbo imevunja adabu, iwe imetoka katika pedali, kinanda au kinywa cha mwitikiaji.

Kosa la pili lilikuwa kuitumia pedali katika kazi ya rithimu, ambapo nyuzi nyingi hupigwa pamoja. Nimesema kwamba noti moja ikikatwa vilele huzaa mafungu yake yenyewe. Noti tatu au nne zikikatwa kwa pamoja huzaa pia jumla na tofauti za mitetemo yao, na nyingi kati ya hizo hazina udugu na wimbo. Hapo ndipo mkwaruzo hugeuka vurugu. Dansi yetu ilijengwa juu ya ufumaji wa magitaa, solo, rithimu na besi, kila moja likisikika peke yake ndani ya kitambaa kimoja. Mfumaji hamwagi rangi moja juu ya nyuzi zote.

Kutokana na hayo naweza kutoa kipimo ambacho mwalimu aweza kukitumia darasani. Mkwaruzo ni sanaa ukitimiza mambo matatu: uwe umechaguliwa, uwe unaweza kuachwa, na uwe unaipisha sauti nyingine pale zamu yake inapofika. Ukikosa hayo, basi methali ya debe tupu imepata mwenyewe.

Joto nalo ni fundi

Kuna jambo la nne ambalo sikulitarajia. Pedali ile ilitengenezwa na kurekebishwa Ruaha Mbuyuni, katika joto la bonde. Kijana alipoipeleka Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, akapiga usiku wa baridi, sauti ilibadilika. Ule unene alioupenda ulikuwa umekonda. Alirudi kwa fundi akidhani ameuziwa kitu kibovu.

Fundi alimsikiliza, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimeketi benchini. "Mzee," akasema, "joto nalo ni fundi." Alikuwa sahihi. Transista ya gerimani huvujisha umeme kidogo hata inapopaswa kuwa imefunga, na uvujaji huo huongezeka kadiri joto linavyopanda. Mzunguko uliorekebishwa mchana wa bonde hauwi ule ule katika baridi ya mlimani. Transista za silikoni, zilizochukua nafasi ya gerimani katika vyombo vya baadaye, huvuja kidogo sana na hazitikiswi hivyo na hali ya hewa. Angeweza kubadilisha akatia za silikoni. Kijana alikataa, kwa kuwa alizipata kali mno sikioni. Basi fundi alitoboa tundu dogo ubavuni mwa kopo na kuweka kitufe cha kuzungusha, ili mpigaji airekebishe pedali mwenyewe kila anapoipanda au kuiteremka Kitonga.

Wapiga ngoma hawatashangaa. Hao huzianika ngoma zao juani au kuziota moto kabla ya kucheza, kwa sababu ngozi hulegea kwa unyevu na kukaza kwa joto. Kitufe kile kidogo ni moto wa kuotea ngoma ulioingia ndani ya kopo la bati. Ndipo nilipoamini kwamba kisanduku kile, chenye vipuri vilivyotoka viwandani mbali, kimekuwa mwenyeji wa bonde na mlima.

Lawama na hatari

Fundi naye hatamsalimika mhakiki. Nilipomwomba anichoree ramani ya pedali yake, alicheka akagusa kichwa chake. Yote yamo humo, na hakuna karatasi. Mafundi wengi wana tabia hiyo, ama kwa kuogopa kuibiwa kazi, ama kwa kutoona thamani ya kuandika. Matokeo yake ni kwamba ujuzi hufa pamoja na mwenye nao, na kijana anayefuata huanza upya kwa kuunguza transista zile zile. Mganga wa mitishamba hulaumiwa kwa jambo hilo, na fundi redio astahili lawama ile ile.

Nasi wasomi tuna lawama kubwa zaidi. Tunapoandika historia ya muziki wa dansi twawataja waimbaji, watunzi na wapiga solo. Twasimulia kwamba NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kwamba mtindo wa Sikinde wa Mlimani Park ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo. Hayo ni mema. Lakini ni nani aliyezifufua amplifaya za bendi hizo katika miaka ya shida ya fedha za kigeni, vipuri vilipokuwa adimu kama sabuni? Sauti tunayoisifu ilipita mikononi mwake kabla haijafika masikioni mwetu, na katika vitabu vyetu hayumo.

Jambo hili lina hatari ya leo. Kanda ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi kwa miongo mingi, na ambazo zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, ni sehemu ya urithi wa taifa. Lakini kanda haisemi peke yake. Yahitaji mashine nzima ya kuizungusha, kichwa safi cha kuisoma, na mtu mwenye sikio la kutambua kwamba mkwaruzo fulani ni wa mashine iliyochoka na mwingine ni wa gitaa la mpigaji mwenyewe. Asiyejua tofauti hiyo, akiwa na programu ya kompyuta ya kusafisha sauti, aweza kufuta kazi ya msanii akidhani anafuta vumbi. Atakuwa amelitengeneza, na atakuwa amelinyamazisha.

Na watu wenye sikio hilo wanapungua. Vyombo vya sauti vinavyouzwa siku hizi vingi vimegundishwa visifunguke, vikiharibika hutupwa. Vijana wengi wenye mikono myepesi wamehamia kwenye simu, wala siwalaumu, kwa kuwa riziki iko huko. Kopo la maziwa lenye transista za gerimani huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa uzito.

Shule zaweza kufanya jambo. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na hiyo ni nafasi njema. Mwalimu wa fizikia anayefundisha mawimbi, mwalimu wa Kiswahili anayefundisha ushairi na mwalimu wa sanaa wanaweza kuwapeleka wanafunzi wao kwa fundi mmoja wa mtaani, siku moja, na daftari. Wanafunzi wachore mizunguko yake. Waandike maneno anayoyatumia kuzieleza sauti, maana mafundi wana msamiati wao wa kusikia ambao kamusi zetu hazijaukusanya wote. Wamwulize sauti gani ni mbaya, ipi ni nzuri, na kwa nini. Watakaporudi watakuwa wamesoma uhakiki kwa mtu ambaye hakuwahi kuliitia kazi yake jina hilo.

Mimi niliporudi nyumbani niliandika beti moja, nami nalifungia makala haya kwa beti hilo:

Kilotupwa jalalani, fundi alikitazama,
Akakiweka mezani, akakigusa kwa chuma,
Sauti ya kifuani, ikaanza kunguruma,
Mkwaruzo si kasoro, sikio likiupima.